Obote hakumpokea Amin

Ndugu uliyeuliza kama Milton Obote ndiye aliyempokea Idi Amin urais wa Uganda: hapana bwana, hapo kati kuna watu. Amin alipotimuliwa Aprili 1979 aliapishwa Profesa Yusuf Lule, akakaa siku 68 tu. Mahindi uliyopanda siku ya kiapo yangekuwa bado mabichi shambani! Akaja Binaisa, mwanasheria, naye akang'olewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga. Obote alirudi madarakani Desemba, baada ya uchaguzi uliolalamikiwa mno. Julai 1985 akapinduliwa mara ya pili, ya kwanza ikiwa ile ya Amin mwenyewe. Halafu msichanganye akina Okello, majenerali waliompindua: Bazilio alishika usukani siku mbili hivi, Tito ndiye aliyetawala hadi Januari 1986, Museveni alipoingia Kampala.