Ukoko haujafyonzwa na sufuria

"Shikamoo mwalimu. Nasoma kemia, na kichwa cha tasnifu yangu ni hiki: 'Uchunguzi wa protini zilizofyonzwa kwenye uso wa metali kwa spektroskopia ya optiki isiyo ya mstari.' Je, 'isiyo ya mstari' ni sahihi?" – Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba. Mimi ningesema "isiyosawia", kwa kuwa ukizidisha mwanga unaoingia mara mbili, mwanga mpya unaotoka waweza kuzidi mara nne. Lakini hilo liache lilivyo, nimezeeka. Kilichoninyima usingizi ni "zilizofyonzwa".

Kufyonza ni kuvuta kitu kiingie ndani. Sifongo hufyonza maji, kupe hufyonza damu. Sasa twende jikoni. Wali umeungua, ukoko umeshika. Umewahi kumsikia mtu akisema sufuria imefyonza wali? Ungethubutu mbele ya bibi yangu, angekukabidhi makumbi na majivu ukaufyonzoe! Ukoko umekaa juu ya sufuria. Katika unene wa sufuria yenyewe hakuna hata punje. Kwangua, utaona. Na albumini, protini ya damu, ikikutana na kipandikizi cha metali ya titani hufanya vivyo hivyo: hung'ang'ania uso, basi.

Tena mbinu yako yenyewe, hiyo spektroskopia, yaani kuchunguza vitu kwa mwanga, inakuumbua. Miali miwili ya leza, mmoja wa infraredi na mmoja unaoonekana kwa macho, hukutana pale usoni, ukazaliwa mwanga wa tatu ambao frikwensi yake ni jumla ya zile mbili. Protini zinazoelea majini zimetazama kila upande, kwa hiyo ishara zao hufutana. Zilizoshika uso zimepangika, na ndizo zinazotoa habari. Zingekuwa zimefyonzwa zikatawanyika ndani ovyo, leza yako isingeambulia kitu.

Najua utakimbilia asili ya neno. Kweli, mwanafizikia Mjerumani Heinrich Kayser alipochapisha neno "Adsorption" (kitu kushika uso) mwaka 1881, kilichobadilika katika "Absorption" (kitu kuingia ndani) ni herufi moja tu, b ikawa d, na mzizi wa Kilatini, sorbere, ni kufyonza kulekule. Hayo ni yao. Sisi tunalo "ambata", na hiyo -t- ni ileile ya kamata, fumbata na pakata: vitu vimegusana na havitaki kuachana.

Andika "protini zilizoambata kwenye uso wa metali". Msimamizi wako akishikilia "fyonza", usibishane naye. Mpelekee sufuria.