Mama hana lenzi jichoni: kioo cha jicho kitapandikizwaje?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 68. Mwaka 2011 alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia, ukapata matatizo na hakuwekewa lenzi bandia. Tangu mwaka jana jicho hilo lina ukungu, hasa asubuhi, na linachoma kama limeingiwa mchanga. Nimemleta kutoka Bukoba, yuko kwangu Tabata. Daktari anasema anahitaji kupandikizwa kioo cha jicho, lakini kwa kuwa hana lenzi huenda ikabidi afanyiwe upasuaji mara mbili. Jirani yetu alikwenda India akapandikizwa utando mwembamba tu, mara moja, akapona. Kwa nini mama asifanyiwe hivyo? Msomaji, Tabata, Dar es Salaam.

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Daktari wenu amewaeleza ukweli, na ninafurahi kwamba hakuharakisha.

Kioo cha jicho, ambacho madaktari hukiita konea, kina unene wa takriban nusu milimita katikati. Upande wake wa ndani umetandazwa tabaka moja la chembe hai ambazo kazi yake ni kusukuma maji nje usiku na mchana ili kioo kibaki angavu. Chembe hizo zikifa, mwili hautengenezi nyingine. Upasuaji wenye matatizo huua nyingi kwa mpigo, na zinazobaki huchoka taratibu kwa miaka, mpaka kioo kinavimba kwa maji. Asubuhi hali huwa mbaya zaidi kwa sababu jicho lililofumbwa usiku kucha halipati nafasi ya kukausha maji hayo. Huo mchanga anaousikia mama ni vilengelenge vidogo vinavyopasuka juu ya kioo, na maumivu yake si ya kudharau.

Jirani yenu, kwa jinsi ulivyoeleza, inaelekea alibadilishiwa tabaka hilo la ndani peke yake. Njia nyembamba kuliko zote ilielezwa mwaka 2006 na Gerrit Melles wa Rotterdam, Uholanzi. Utando wake una unene wa mikroni 10 hadi 15 tu (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), mwembamba kuliko unywele. Hupakwa rangi ya buluu ili uonekane, na ukiwa majini hujikunja wenyewe kama mkeka. Mpasuaji huuingiza kupitia tundu dogo, huukunjua kwa kugongagonga kioo kwa nje polepole, kisha huweka kiputo cha hewa chini yake ili kiuinue na kuubana mahali pake. Mgonjwa hulala chali, naye akitulia hewa hufanya kazi yake.

Tatizo la mama liko kwenye kiputo hicho. Katika jicho la kawaida, lenzi, iwe ya asili au ya bandia, pamoja na ile sehemu yenye rangi, ni ukuta unaotenga chumba cha mbele na ute ulioko nyuma. Kwa mama ukuta huo una pengo. Hewa ikiwekwa mbele hutorokea nyuma, chumba cha mbele hunywea, na utando unaweza kudondokea nyuma ya jicho kabisa, na kuutoa huko ni upasuaji mwingine. Kama ute wa nyuma uliwahi kuondolewa, jicho hulegea wakati wa kazi na utando huwa mgumu zaidi kuukunjua.

Ndiyo maana wapasuaji wengi hujenga ukuta kwanza: huweka lenzi bandia iliyoshikizwa kwenye sehemu nyeupe ya jicho au kwenye ile yenye rangi, na kuifumba mboni iliyopanuka kupita kiasi. Jicho likishatulia, ndipo utando unapandikizwa. Wengine hufanya yote siku moja. Kama lenzi haiwezekani, kuna njia ya kutumia utando mnene kidogo, wa mikroni 100 hivi au zaidi, unaovutwa ndani kwa uzi au koleo na kushikiliwa kwa mishono, hivyo hautegemei hewa peke yake. Kwa jicho kama hili, mimi ningeuchagua huo kuliko ule mwembamba mno, hata kama uoni wake mara nyingi huwa na ukali pungufu kidogo.

Ikiwa kioo kimeshapata kovu katikati, hubadilishwa chote, kama alivyofanya Eduard Zirm mwaka 1905 katika upasuaji wa kwanza wa aina hii uliofanikiwa. Kwa jicho lisilo na lenzi mpasuaji huweza kushona pete ya chuma juu ya jicho kwanza, lisinywee likiwa wazi. Nyuzi hukaa miezi mingi, mara nyingi mwaka au zaidi, na mwili huukataa mpandikizo huu mara nyingi zaidi kuliko ule mwembamba.

Muulizeni daktari maswali matatu: kovu lipo au ni uvimbe tu, presha ya macho na retina (tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga) vikoje, kwa sababu retina ikiwa imeharibika kioo kipya hakitarudisha uoni, na hewa atakayoweka itazuiwa na nini. Kwa sasa, matone ya chumvi na lenzi laini ya kufunika kioo vinaweza kumpunguzia mama maumivu, lakini atakayeamua ni daktari wake.

Jambo la mwisho ni safari baada ya upasuaji. Hewa au gesi iliyo jichoni hutanuka mtu akipanda juu na inaweza kupandisha presha ya jicho kwa hatari, kwa hiyo mama asipande ndege mpaka daktari ahakikishe kwamba kiputo kimekwisha. Hata basi si salama, kwani Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Abaki Tabata kwanza, atiwe matone kwa saa zake, na jicho likiwa jekundu, likiuma au uoni ukififia, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.