Khanga Zilizonyamaza Saa Nane Mchana

Ninyi mnaoanza kutengeneza sanaa inayomwitikia mtu, nawaomba jambo moja kabla hamjanunua hata waya: kazi ijaribuni pale pale itakapokaa, saa ile ile watu watakapokuja, tena na watu msiowajua.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa khanga sita zilizotundikwa. Ukiisogelea moja, sauti ya bibi inakusomea jina la khanga hiyo, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Niliijaribu chumbani kwangu Sinza, usiku, mwezi wa Julai, ikasoma bila kukosea. Tukaionyesha Januari, saa nane mchana, kwenye ukumbi usio na kiyoyozi. Watu wakapita, khanga kimya. Nikabadilisha waya, nikabadilisha adapta, jasho likinitiririka. Waya hazikuwa na kosa lolote.

Kihisi nilichotumia, PIR, ambacho mafundi wa Kariakoo hukiita sensa ya mwendo, hakioni mwendo wenyewe. Kinatambua joto la mwili linapopita mbele ya ukuta wenye joto tofauti. Ukuta wa Dar ukifika nyuzi 32 au 33, ngozi ya mtu nayo iko karibu na hapo hapo. Tofauti ikipungua, kihisi kinakuwa kama kipofu. Usiku wa Julai tofauti ilikuwepo, ndiyo maana nilidanganyika.

Nikahamia HC-SR04, kihisi kinachotuma sauti ya kilohezi 40 isiyosikika na kupima muda wa mwangwi kurudi, kuanzia sentimeta 2 hadi 400. Joto linakisumbua kidogo sana. Lakini nguo laini humeza mwangwi, kwa hiyo kijaribuni na mama aliyevaa dera au baibui, si na rafiki yako wa fulana peke yake.

Kisha kuna watu wenyewe. Wengi wetu tumelelewa kwamba kitu cha maonyesho hakiguswi, basi mgeni husimama mbali, mikono nyuma. Bango la "karibu uguse" halikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kuisogeza khanga moja hadi mlangoni, imsomee mtu anapoingia tu, kabla hajaombwa chochote. Akishasikia, nyingine anazitafuta mwenyewe. Tazameni Pulse Room, kazi ya msanii Rafael Lozano-Hemmer ya mwaka 2006. Ukishika vishikio, balbu iliyo karibu nawe inawaka kwa mapigo ya moyo wako. Ukiachia, mapigo yako yanajiunga na safu ya balbu za waliokutangulia, na kila anayekuja anayasukuma mbele. Naipenda sana kwa mpangilio huo: mtu anajiona kwanza, ndipo anawaona wenzake.

Umeme nao utakatika. Ubao wa Arduino, ule mdogo wa kielektroniki unaoendesha vihisi, umeme ukirudi huanza programu yake wenyewe. Kompyuta mara nyingi humsubiri mtu aiwashe, na mtu huyo huwa ameenda kula.

Siku ya mwisho, mama anayeuza maandazi nje ya ukumbi aliingia kukwepa jua. Khanga ya mlangoni ikamsomea jina la khanga hiyo. Akasimama, akaikunjua ubavuni khanga aliyojifunga, akaijibu kwa sauti kwa jina la ile yake, kisha akangoja. Khanga yangu haikuwa na la kumjibu. Hiyo ndiyo kazi ninayoitengeneza sasa.