Usimkatishe vidonge ghafla: kwa mnaouguza nyumbani

Nawaandikia mama, dada, wake na mashemeji, wale ambao mgonjwa analala chumba cha pili na funguo ya kabati mnayo ninyi. Mkigundua kwamba kijana wenu hawezi tena kukaa bila tramadol, dawa kali ya maumivu, wazo la kwanza litakuwa kuzimwaga zote chooni na kumfungia ndani mpaka zimtoke mwilini. Naomba msifanye hivyo. Nimemuuguza mdogo wangu hapa Moshi, na jambo ninalotamani kila nyumba ilijue ni hili: mwili uliozoea dawa hizi hushushwa polepole kwa mpango wa daktari, na wa kuusimamia kila siku ni watu wa nyumbani.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa bodaboda, kijiwe chake Pasua. Aligongwa na gari, mfupa wa paja ukavunjika, akawekewa chuma. Dawa alizotoka nazo hospitali zilikuwa halali na alizihitaji kweli. Shida ilianza aliporudi barabarani kabla mguu haujakubali. Wanaoendesha pikipiki ya mtu wanajua kwamba hesabu ya tajiri haingoji upone. Kapsuli moja asubuhi ilimwezesha kukaa kwenye pikipiki hadi mchana. Baadaye zikawa mbili, halafu akawa anameza hata siku ambayo hatoki nyumbani.

Tramadol ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977, na kwa miaka mingi ilisifiwa kuwa nyepesi. Lakini iko kundi moja na mofini, kodeini, pethidini na heroini. Inatuliza maumivu kwa njia ileile ya ubongo, na juu ya hapo inagusa kemikali za ubongo zinazoongoza hisia, ndiyo maana wengine huinywa kwa sababu ya mawazo kuliko maumivu. Ukiimeza kila siku kwa wiki kadhaa ubongo unajipanga upya: dozi ileile haitoshi, na ikikosekana mwili unadai. Hata bibi yako anayemeza kwa saa kamili kama alivyoandikiwa anaweza kufika hapo bila kosa lolote. Uraibu ni hatua nyingine, pale mtu anapoendelea kuitafuta huku anaona inamla kazi, fedha na watu wake. Mdogo wangu alianza na la kwanza, akaingia la pili bila mtu yeyote kuona mpaka uko wapi.

Dalili tuliziona bila kuzielewa. Maumivu ya paja yalihamia mgongoni, kichwani, kisha mwili mzima, na yote yalitulia kwa kidonge. Alijikuna sana. Alikaa siku kadhaa bila kupata choo. Alisinzia katikati ya maongezi, mboni za macho zikiwa ndogo mno. Tramadol ni dawa ya cheti, lakini duka moja likimkatalia alikwenda jingine, kutoka Pasua hadi Mbuyuni, Majengo, mpaka Kiboriloni. Mwishowe akaanguka kifafa pale kijiweni. Watu walisema mengi, wapo waliotaja mapepo. Daktari aliuliza tu: anameza ngapi kwa siku? Kwa mtu mzima kikomo ni miligramu 400 kwa saa 24, yaani kapsuli 8 za miligramu 50, naye alikuwa amekipita. Kifafa kinaweza kumpata hata ambaye hajafika huko, hasa akichanganya na pombe au na baadhi ya dawa za sonona. Kwa hiyo ukisikia mtu anaanguka ghafla ukubwani, uliza vidonge kabla ya kuuliza jambo lingine.

Kikao cha ukoo kiliketi. Mjomba wetu mmoja, mtu mwema anayetupenda, alishauri afungiwe chumbani, aletewe uji na maombi. Maombi tuliyapokea, kufuli tukaikataa. Arosto ya dawa hizi, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa uliyoizoea, huanza ndani ya siku moja hivi: miayo, kamasi, machozi, jasho, vinyweleo kusimama, kuharisha, miguu isiyotulia, usingizi kupotea. Siku ya pili na ya tatu kwa kawaida ndizo mbaya zaidi. Kwa tramadol huongezeka hofu kali, na wapo wanaoona au kusikia visivyokuwepo. Mtu aliyefungiwa katika hali hiyo anajifunza jambo moja tu, kwamba nyumbani ndiko kunakomtesa. Akitoka anakwenda dukani moja kwa moja.

Tulichofanya ni hiki. Daktari alimweka kwanza kwenye dozi moja isiyobadilika, kwa saa zilezile, ili aache kumeza kila anapojisikia vibaya. Kisha akaanza kuipunguza kidogo kidogo, kukaa hapo wiki kadhaa, halafu kupunguza tena. Mpango wenu atauweka daktari wenu, maana hautegemei idadi ya vidonge peke yake. Kapsuli za kuachia dawa taratibu, kwa mfano, hazifunguliwi wala kutafunwa. Mama ndiye aliyeshika dawa. Alizifungia sandukuni na kumpa mkononi, akaandika kwenye daftari saa, dozi, na usingizi wa usiku ule. Daftari lile lilitusaidia sana kliniki, kwa sababu tuliweza kuonyesha wapi amekwama. Akikwama tulikaa pale pale mpaka mwili utulie, bila kumrudisha juu na bila kumsukuma chini. Kuna ndugu waliona tunambembeleza. Nasema ule ndio ulikuwa uuguzaji wenyewe.

Maumivu yake nayo yalikuwa ya kweli, na hapo familia nyingi hukosea. Ukimwondolea tramadol bila kumpa kingine umemwachia paja lililovunjika peke yake. Tulimpeleka mazoezi ya viungo, akapewa parasetamo kwa kipimo, na dawa kama ibuprofeni kwa ruhusa ya daktari tu, kwa sababu ya vidonda vya tumbo na figo. Na kilichomrudisha kwenye vidonge kilikuwa hesabu ya kila siku. Basi mama akakopa kwenye kikoba, nikazungumza na tajiri, pikipiki akapewa mwingine kwa muda. Kama msingegusa suala la riziki, sioni mngewezaje kugusa vidonge.

Kuhusu kumeza dawa kupita kiasi, tafadhali lifahamuni kila mmoja. Hatari kubwa ni kuchanganya na pombe, iwe mbege, gongo au ya chupa, na dawa za usingizi kama diazepamu. Hatari nyingine ni kwa aliyeacha kwa muda kisha akarudia dozi yake ya zamani, kwa sababu mwili wake hauihimili tena. Ukimkuta haamki, anakoroma kwa sauti isiyo ya kawaida au anapumua mara chache, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali mara moja. Msimnyweshe maziwa wala chochote, kitaingia mapafuni. Hospitalini ipo dawa ya kumrudishia pumzi, naloksoni, lakini wahudumu waambieni ukweli alichomeza. Na vidonge vilivyobaki msimgawie jirani mwenye jino. Ini la baadhi ya watu hugeuza tramadol haraka mno kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Marekani ilikataza asipewe mtoto wa chini ya miaka 12 mwaka 2017.

Pa kuanzia: kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi kwa wa Moshi na Mount Meru kwa wa Arusha. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Mkifika mapokezi semeni tu, "Amezoea dawa za maumivu, tunataka kumpunguzia." Msimwite teja, wala msikubali mwingine amwite hivyo akiwa anasikia.

Mwisho, kuhusu mofini. Shangazi yetu alipopata saratani, nusu ya ukoo ilikataa asipewe mofini ya maji, kwa sababu walikuwa wamemwona mdogo wangu. Shangazi aliuma shuka usiku kucha kwa ajili ya hofu yetu. Muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito, alikuja nyumbani akatueleza kwamba mgonjwa wa saratani hapewi mofini ili ajisikie raha. Anapewa ili aweze kula, kulala na kuongea na wanawe, na dozi hupangwa kulingana na maumivu yake. Hupewa kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Chupa tuliiweka kwenye sanduku lile lile la mama, na funguo akabaki nayo yeye.