Mombasa Ijumaa hadi Jumapili: anza na tikiti ya kurudi

Umeuliza kama Mtanzania anayesoma Nairobi anaweza kwenda Mombasa Ijumaa na kurudi Jumapili bila kukosa darasa la Jumatatu. Inawezekana kabisa, ndugu, lakini nunua tikiti za treni ya SGR (reli ya kisasa) za kwenda na kurudi kwa pamoja, tena mapema. Za Jumapili huisha haraka, na hapo ndipo watu hukwama. Jaza namba ya pasipoti, si ya kadi ya chuo, na uibebe pasipoti yenyewe. Treni ya saa tisa alasiri huondokea Syokimau, si katikati ya jiji. Foleni ya ukaguzi wa mizigo ni ndefu, kwa hiyo tafadhali fika saa saba na nusu. Utashuka usiku Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, mbali na Fort Jesus, ngome ya kale mjini: tenga nauli ya kufika huko.