Chagua Shamba Ukiwa Bado Juu

Wiki hii kijana mmoja wa Kitanzania anayesoma Ujerumani ameniandikia: "Shikamoo dada. Nimeshapata leseni ya glaida, sasa nataka kuruka zile kilomita 50 za kupatia beji ya fedha ya marubani wa glaida. Wenzangu wananiambia nisiogope, hewa itanibeba. Unanishauri nini?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Nakujibu hapa kwa sababu najua si wewe peke yako. Hewa itakubeba, kisha siku moja itakutua, na glaida haina injini ya kukuokoa. Siku hiyo utashukia shambani. Kushukia shambani si ajali. Ajali huja kwa kuchelewa kukubali.

Yangu ilinikuta kwenye milima ya Schwäbische Alb, kusini mwa Ujerumani, mwishoni mwa Julai. Wingu jembamba lilitanda, jua likafifia, na ile hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini ikafa. Mbele yangu msitu, ng'ambo ya msitu uwanja wetu. Kwa hesabu ya kwenye karatasi ningefika, lakini hesabu ile haikuacha akiba, na upepo ulikuwa unanijia usoni. Nikageuka. Kipimo kilisoma mita 1,300 juu ya bahari. Ardhi ya kule yenyewe iko mita 700 na ushee, kwa hiyo chini yangu hazikubaki hata mita 600. Hapo ndipo wengi hujidanganya: wanasoma kipimo, hawatazami chini.

Nikaona shamba la shayiri lililokwisha kuvunwa, mabua mafupi ya manjano, linapanda kidogo kuelekea kijijini. Kando yake mahindi. Sisi tumekulia kwenye mahindi, lakini yakishapita urefu wa mtu ni adui wa rubani: ncha ya bawa ikinaswa humo, ndege inazungushwa ghafla na mkia unakatika. Nyaya za umeme nazo huzioni ukiwa juu, tafuta nguzo. Niliziona kando ya barabara, nikapanga kuingilia upande mwingine. Kwenye mita 450 juu ya ardhi shamba lilikuwa limeshachaguliwa, kwenye mita 300 nimeanza mzunguko wa kutua, gurudumu nje. Hewa ikanitikisa bawa la kulia, ikinibembeleza nijaribu kupanda tena. Nikaikatalia. Nikafungua breki za mabawa, gurudumu likagusa mabua, ndege ikapanda ule mwinuko na kusimama bila mkwaruzo. Kutua kule najivunia kuliko beji yenyewe niliyokuja kuipata baadaye.

Klabuni nilipokelewa kwa kicheko. Mwenzangu alikuwa amepita juu ya msitu uleule, akiwa karibu kugusa miti, akafika na kupigiwa makofi. Mimi nikaambiwa nimekata tamaa mapema, na mmoja akauliza kama kwetu watu wote ni waoga. Neno lile halijanitoka moyoni mpaka leo.

Msimu uliofuata kijana mwingine, aliyekuwepo siku ya makofi, akajaribu vilevile. Mashamba mazuri akayapita, yakabaki mahindi matupu, akakata kona akiwa chini mno. Bawa la ndani likaishiwa nguvu, ndege ikazunguka kama pia. Alipona, lakini pingili ya mgongo ilivunjika na hajarudi kuruka. Mkataa pema pabaya panamwita.

Kwa hiyo nakusihi, mdogo wangu: chagua mapema, ukishachagua usibadili, na ukiwa chini usikate kona kali hata kidogo. Chagua mapema! Wakikupa ndege yenye ile injini ndogo ya kukunjua, usiiwashe mpaka uwe juu ya shamba ulilolichagua, maana injini zile hukataa kuwaka, na ikiwa nje bila kuwaka inaiburuta ndege chini upesi. Wanaokucheka uwanjani hawatalala wodini badala yako.

Na kabla ya kupaa, funguo za gari mwachie mtu atakayepokea simu, matairi ya trela ya kuja kuibeba ndege yawe na upepo, namba ya bima iwe mfukoni. Mwenye shamba akija, msalimie kwanza, kisha mweleze mwenyewe, kabla hajauliza, umemharibia mazao kiasi gani na nani wa kumlipa.