Taa ya kifuu inataka betri gani?

Kila nikimwonyesha mtu hapa Mtwara taa yangu ya kifuu cha nazi, swali huwa lilelile: umeweka betri gani? Nami humuuliza, kifaa chako kinakula umeme kiasi gani? Wengi hawajapima.

Chukua mita, hata ile ya bei poa ya mafundi redio, weka upande wa miliampia, ipitishe kati ya betri na waya wa chanya, usome. LED nyeupe moja inayowaka vizuri hula kama miliampia 20. Betri tatu za rimoti zikifuatana ni volti 4.5, ukiweka na resista (kile kidude cha kupunguza umeme) ya omu 82, utapata kama saa 100, japo mwanga utaanza kufifia mapema. Kwa mtu anayewasha kwa muda wa saa nne kila usiku, karibu mwezi huo. Lakini ukifunga bodi ya ESP8266, kikompyuta kidogo chenye Wi-Fi, inayokula miliampia 70 na zaidi, betri hizohizo hazifikishi siku mbili. Hapo usimlaumu mwenye duka.

Ile ya mraba ya volti 9 wengi huipenda kwa kuwa inakaa vizuri kwenye kasha. Mimi siitaki. Ina uwezo wa kama miliampia-saa 500 tu, na kwa LED moja volti nyingi zinaishia kuwa joto kwenye resista. Pawabenki nayo ina vituko vyake: nyingi zikiona mzigo mdogo zinadhani simu imejaa, zinajizima.

Kwa kitu cha kuhamahama ndani ya nyumba, mimi natumia 18650, zile betri za duara zinazotoka kwenye betri za laptop zilizokufa. Mafundi wanazo. Pima kwanza: iliyoshuka chini ya volti 2 iache hukohuko, hata ukipewa bure. Usiilehemu moja kwa moja, maana joto linaiumiza. Nunua kishikio chake. Ya kuchaji ni bodi ndogo ya TP4056, taa nyekundu ikichaji. Igeuze uiangalie: yenye B+ na B- peke yake haina ulinzi, chukua ile yenye OUT+ na OUT- pia. Hiyo hukata yenyewe kabla betri haijanyonywa hadi kufa, na umeme wa taa utautoa kwenye OUT, si kwenye B. Jambo moja watu hulipita: bodi hii huchaji kwa ampia 1. Kwa 18650 nzima ni sawa, ila kibetri cha spika ndogo kitachemka. Badilisha resista yake ya kilo-omu 1.2, weka ya kilo-omu 10, itashuka hadi kama miliampia 130.

Kitu kisichohama, kama taa ya kabatini, hakihitaji betri. Chaja ya simu ya zamani inatosha, ibaki kwenye soketi, volti 5 pekee ziingie kabatini. Volti 230 ndani ya mbao au kifuu, hapana, hata kama shangazi anataka waya usionekane.

Na sisi wa Shangani, hapa Mtwara, tuna upepo wa chumvi. Viungo ulivyolehemu vipake rangi ya kucha (omba, usichukue kimyakimya). Springi za kishikio usizipake. Zikianza ukijani, zisugue kwa msasa laini, ufute kwa spiriti.